Tusajili Nani? Kwanza Ana Paspoti Gani?

Wenzangu katika kurasa nyingine wanaandika mambo mazito ya siasa za nyumbani na uchumi wa dunia. Mimi naomba nafasi niandike kuhusu mpira. Wala si ule wa dakika 90, maana huo kila mtu anautazama kwa macho yake mwenyewe. Nazungumzia mpira wa pili, ule unaochezwa na mashabiki kwa mdomo: klabu yetu imsajili nani? Huu hauna mapumziko wala refa. Ligi ikiisha Mei wachezaji wanakwenda likizo, sisi ndio kwanza tunaingia uwanjani.

Kijiwe chetu cha hapa Birmingham hakina kahawa na kashata kama vile vya Kariakoo. Kina chai ya maziwa, kina sebule ya nyumba ya wanafunzi kule Selly Oak, na kina watu sita saba ambao wiki nzima wanashinda maabara na maktaba, Jumamosi wanageuka kuwa wakurugenzi wa ufundi. Yupo Mganda mmoja ambaye ni Arsenal hata ukimwamsha usiku wa manane. Yupo dada kutoka Tanga anayesomea afya ya jamii, mshabiki wa Manchester United lakini haipendelei hata kidogo, na ndiye mbishi wa kuogopwa kuliko sote. Mimi na Mkenya mmoja wa Kisumu, mhandisi mwenzangu, tuliamua kuwa watu wa Aston Villa. Sababu zetu ni za kawaida tu. Kutoka Selly Oak unapanda treni moja, unashuka Aston, unatembea na umati mpaka Villa Park. Na kwangu mimi kuna Mbwana Samatta, ambaye nitamfikia huko mbele kwa kirefu, mnivumilie.

Kwanza niwaeleze ubishi wenyewe unavyokwenda. Kila mtu anakuja na jina. Mtu kaona dakika mbili za mabao ya winga fulani wa Ureno kwenye simu, basi huyo ndiye dawa ya matatizo yetu yote. Sisi wahandisi tunafundishwa tofauti. Hununui pampu kwa sababu umeipenda rangi. Unauliza kwanza unataka maji kiasi gani, yapande urefu gani, na umeme uliopo ni wa aina gani. Shabiki anafanya kinyume chake, ananunua pampu halafu anazunguka nayo kutafuta kisima. Yule Mkenya naye ni mhandisi kama mimi, lakini ikifika Jumamosi uhandisi wake anauacha mlangoni pamoja na viatu.

Dada wa Tanga ndiye aliyetutia adabu. Swali lake ni moja tu: "Haya, anaingia huyo. Anatoka nani?" Hapo kijiwe kizima kinapoa.

Na kwa kweli swali hilo lina uzito, na Villa yenyewe imekuwa darasa zuri. Kanuni za fedha ambazo Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kuzitumia msimu wa 2013/14 zilitaka hasara ya klabu isizidi pauni milioni 105 katika miaka 3. Sasa ada ya kumnunua mchezaji haiandikwi vitabuni yote kwa mkupuo, inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Ukimnunua mtu kwa pauni milioni 30 na mkataba wa miaka 5, kila mwaka vitabu vinaonyesha milioni 6, ukiacha mshahara wake. Lakini ukiuza, faida inahesabiwa mara moja. Na ukimuuza kijana uliyemlea mwenyewe tangu utotoni, ambaye hukumnunua kwa mtu, karibu kila pauni unayopokea ni faida. Kwa lugha nyepesi, vitabu vinakushawishi uuze watoto wa nyumbani ili ununue wageni.

Ndiyo maana kiangazi cha 2024, wakati tunashangilia Villa kufuzu Ligi ya Mabingwa baada ya kukosa mashindano makubwa ya mabingwa wa Ulaya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, Douglas Luiz akauzwa kwa Juventus. Januari 2025 Jhon Durán, aliyenunuliwa kutoka Chicago Fire miaka miwili tu kabla, akaenda Al-Nassr ya Saudi Arabia. Halafu Agosti 2025 akaondoka Jacob Ramsey kwenda Newcastle kwa ada iliyotajwa kuwa karibu pauni milioni 40. Huyo ndiye aliyetuuma. Kijana wa hapa hapa Birmingham, aliingia klabuni akiwa na miaka 6, na mpaka wanamuuza hakuna mtu aliyekuwa ameandika jina lake kwenye orodha ya wa kuondoka. Siku hiyo Mkenya wetu aligoma hata kunywa chai. "Hiyo ni kuuza ng'ombe wa maziwa ununue maziwa ya pakiti," alisema. Nikamwambia aliyeandika kanuni ndiye aliyemuuza, klabu imeweka sahihi tu. Hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Hayo ya fedha hata wenyeji wanayajua, na ukikaa nao kwenye treni ya kurudi utawasikia wakiyachambua vizuri kabisa. Lakini kuna swali la tatu ambalo sijawahi kulisikia kwa shabiki wa Kiingereza, nadhani kwa sababu hajawahi kupiga foleni ya viza. Huyo mnayemtaka, ana paspoti gani?

Sisi watu wa Afrika Mashariki tulitakiwa tuwe wa kwanza kuuliza, maana lilishatugusa. Januari 2010 Manchester City, klabu iliyokuwa na uwezo wa kununua karibu chochote, ilimtaka McDonald Mariga aliyekuwa Parma. Ada haikuwa tatizo, mshahara haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Harambee Stars. Kanuni ya wakati ule ilitaka mchezaji wa nje ya Ulaya atoke katika nchi iliyomo ndani ya 70 bora za FIFA kwa wastani wa miaka 2, na awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake. Kenya haikuwa ndani ya hizo 70. Hata hayati Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliingilia kati, lakini dirisha likafungwa Mariga hajawa wa City. Akaenda Inter Milan ya José Mourinho. Mei mwaka huo huo Inter ikatwaa ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Fainali ya Madrid alikaa benchi, hakuingia, lakini ni bingwa wa Ulaya. City ilimaliza ya tano.

Mdogo wake, Victor Wanyama, ilibidi azunguke. Alipitia Ubelgiji, 2011 akaenda Celtic kule Uskoti, Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa, ndipo 2013 Southampton ikamchukua kwa pauni milioni 12.5 na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Sasa mlinganishe na Divock Origi. Baba yake, Mike Okoth, alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars, naye alimpata Divock akiwa anacheza soka Ubelgiji. Mtoto akawa na paspoti ya Ubelgiji. Liverpool ilipomnunua 2014 kutoka Lille, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, hakuna aliyeuliza Kenya ni ya ngapi duniani. Juni 1, 2019, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Origi alifunga bao la pili la Liverpool, na Wanyama alikuwa anatazama kutoka benchi la Tottenham. Watoto wawili wa wacheza mpira wa Kenya kwenye uwanja mmoja, na mmoja wao hakuwahi kuulizwa kibali.

Tangu Januari 2021 mambo yamebadilika kidogo. Baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, hata Mfaransa na Mhispania wanahesabiwa pointi, na mchezaji anatakiwa afikishe 15. Pointi zinatokana na ubora wa ligi anayocheza, dakika alizocheza, mashindano ya bara, na mechi za timu ya taifa. Lakini kwenye hizo za taifa zinazohesabiwa ni nchi 50 za juu. Kijana wa Taifa Stars anaweza kucheza kila mechi mpaka anyonyoke kucha za miguu, pale anaandikiwa sifuri. Tangu 2023 klabu zimepewa nafasi chache, zisizozidi 4, za kuchukua wachezaji wasiofikisha pointi, kutegemea zinavyowachezesha Waingereza. Ni dirisha, ila dogo, na foleni yake ni ya dunia nzima.

Hapa ndipo mimi na rafiki yangu wa Kisumu tulipogawanyika, na tulibishana juu ya hili miaka miwili bila kupatana. Yeye anaitetea kanuni. Anasema ligi kubwa lazima iwe na mlango, na mlango lazima uwe na kipimo, la sivyo mawakala watajaza wachezaji wa bei poa na vijana wa Kiingereza watakosa pa kuanzia. Wanyama alipita, anasema, kwa hiyo mlango unapitika. Mimi namwambia kipimo sikikatai, nakataa kinachopimwa. Kumpima mchezaji kwa nafasi ya nchi yake ni sawa na kumpima fundi kwa kuangalia barabara za kijijini kwao. Mariga alikuwa kiungo yule yule Parma, Milan na Manchester.

Jumamosi ya Februari 1, 2025, ubishi huu uliingia ndani ya nyumba. Durán alikuwa ameondoka siku moja kabla, Villa ikafungwa 2-0 na Wolves jioni ile, na dirisha lilikuwa limebakiza siku mbili. Kijiwe kilichemka kweli kweli. Majina yalikuwa yanarushwa kama karata. Mkenya alichelewa kuja, jambo ambalo si kawaida yake siku ya dirisha. Alipoingia alikaa tu, hakutaja mshambuliaji hata mmoja.

Wengi mnajua hali ilivyo. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamili mwaka uliotangulia, yuko kwenye viza ile ya miaka 2 baada ya masomo, anatafuta mwajiri wa kumdhamini ili abaki. Kampuni moja ya mambo ya madaraja ilikuwa imemfanyia usaili mara tatu. Wa tatu walimwonyesha hata dawati atakalokaa. Ijumaa wakamwandikia kwamba wamempenda sana, ila wamegundua hawana leseni ya kudhamini mgeni na hawana mpango wa kuiomba. Alitusomea barua yote kwenye simu yake, polepole, mpaka lile neno la kumtakia mafanikio mema. Halafu akasema, "Mchezaji anatafuta 15, mimi natafuta 70," maana hizo ndizo pointi za viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mganda, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza, aliinuka akaenda jikoni kuongeza maji kwenye chai ambayo haikuwa imepungua.

Dada wa Tanga akamuuliza, kwa upole ambao si wake: "Na kanuni bado unaitetea?"

"Bado," akasema. "Sheria ni sheria. Ila wangeniambia kabla ya usaili wa kwanza."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Sikubaliani nalo kwa nusu ya kwanza, lakini nusu ya pili ni kweli tupu. Klabu kubwa leo inahesabu pointi za mchezaji kabla haijamtuma mtu kwenda kumtazama; mwanasheria anatangulia mbele ya skauti. Kijana wa Ligi Kuu ya Tanzania ambaye hesabu yake haifiki hapigiwi simu, kwa hiyo havunjwi moyo. Kwenye kazi zetu sisi skauti anatangulia. Wanakusifu kwanza, wanakuonyesha dawati, halafu ndipo mtu wa ofisi ya nyuma anafungua faili. Ushauri wangu kwa wanaomaliza mwaka huu: serikali inachapisha orodha ya waajiri wenye leseni na kila mtu anaruhusiwa kuitazama. Anza na orodha ile, kama klabu inavyoanza na hesabu ya pointi, ndipo uandike maombi. Rafiki yangu sasa yuko Nairobi, anafanya kazi ya mabomba ya maji, na kila dirisha likifunguliwa ananitumia majina usiku wa manane, bado bila kutaja bei.

Sasa nimfikie Samatta, kama nilivyoahidi.

Mtu huyu hakuokotwa. Alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, 2015 akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika, Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huo huo akaenda Genk. Mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji na akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora wa huko mwenye asili ya Afrika. Novemba 2019 akaifunga Liverpool pale Anfield. Januari 1, 2020, mshambuliaji wa Villa, Wesley, akaumia goti vibaya. Siku 19 baadaye Samatta akamwaga wino, kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 8 na nusu hivi. Taifa Stars ilikuwa nje ya 100 bora, kwa hiyo mlango wa kawaida wa kibali ulikuwa umefungwa kwake. Ukabaki mlango wa pili, wa jopo linalotazama mambo kama ada, mshahara na klabu unayotoka. Miaka minne ya jasho Ubelgiji ndiyo iliyomfungulia.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar, nina miaka 24, na sikumbuki mji ule kufurahia usajili wa klabu ya nje namna ile. Watu waliokuwa hawajui Villa inavaa rangi gani waliamka nayo. Februari 1 akafunga kule Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Halafu korona ikasimamisha kila kitu, ligi ikarudi Juni bila watazamaji, na hakufunga tena. Mechi 14 za ligi, bao 1. Septemba Villa ikamnunua Ollie Watkins kwa pauni milioni 28, Samatta akaenda Fenerbahçe kwa mkopo, na Watanzania wengi wakahama naye.

Hukumu ya dada wa Tanga ni kali. "Usajili mbovu," anasema. "Bao 1, na lenyewe mlifungwa 2-1. Halikuwaletea hata pointi 1." Kwa hesabu hayo ni kweli. Anaongeza kwamba sisi Watanzania hatukuwa tunataka Villa ipate namba tisa, tulikuwa tunataka Mtanzania asajiliwe, na tukimaliza kushangilia jina hatukuuliza nani atampelekea mpira.

Mimi nasema ulikuwa usajili sahihi, na nasema hivyo kama mhandisi, si kama Mbongo. Jengo likipasuka boriti usiku, hungoji boriti mpya ya kiwandani. Unasimamisha nguzo ya muda dari lisianguke. Hiyo nguzo huipimi kwa kulinganisha na boriti itakayokuja miezi minane baadaye kwa bei ya mara tatu. Unauliza: dari lilianguka? Halikuanguka. Villa ilibaki ligi kuu siku ya mwisho, Julai 26, 2020, kwa tofauti ya pointi 1. Ingeshuka, sidhani kama Watkins angekuja, na hii hadithi ya Ligi ya Mabingwa tungekuwa tunaisoma kwa wengine. Dada anasema nguzo zilikuwa nyingi na mimi nimeona moja tu kwa sababu imetoka Mbagala. Sawa, hilo namwachia.

Ninachotaka kwa dirisha linalokuja? Beki wa kushoto mwenye pumzi na umri usiozidi 23, na mshambuliaji wa akiba anayekubali kuwa wa akiba, ambao ni wachache kuliko dhahabu. Na kama Villa ina nafasi moja kati ya zile za wasiofikisha pointi, basi skauti mmoja apande ndege aende kutazama mashindano ya vijana ya ukanda wetu, amchukue mtoto wa miaka 18, amkopeshe Ubelgiji miaka miwili. Gharama yake ni ndogo kuliko mshahara wa mwezi wa baadhi ya watu wanaokaa benchi pale.

Mganda anasema hayo ni mapenzi, si usajili. Anayetaka kumuunga mkono au kumpinga, sisi tupo Selly Oak kila Jumamosi baada ya mechi. Chai ipo. Aje na jina, na bei, na paspoti, na amtaje kabisa wa kuondoka.